Sensa ya krenki, ya kemu na ya throtoli: zinafanya nini na unazipimaje kabla hujanunua mpya

Gari inazungusha stata vizuri tu, betri iko freshi, mafuta yapo, ila haiwaki. Fundi wa kwanza anasema pampu, inabadilishwa pampu, haiwaki. Wa pili anasema koili, zinanunuliwa koili nne, haiwaki. Wa tatu anakuja na kimashine cha kusoma makosa ya gari, anasoma kodi P0335 anasema hii ni sensa ya krenki, inanunuliwa sensa, gari inawaka, wiki haijaisha imezima tena barabarani, kumbe muda wote huo ni waya umeliwa na joto unagusa bodi. Hii nimeiona kwenye gari za watu wengi mno na kila mara inaniuma, maana hela inayopotea hapo ni ada ya mtoto, wakati kipimo cha kujua ukweli ni maltimita ya bei ndogo na nusu saa ya kutulia.

Kwa hiyo naelezea hizi sensa tatu za pozisheni, ile ya krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), ya kemu (shafti ya juu inayofungua valvu) na ya throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga aksileta), kila moja inamwambia nini kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikifa utaona dalili gani, na unaipima vipi mwenyewe. Mfano wangu mkubwa ni injini ya 1NZ-FE ya Toyota kwa sababu ndo imejaa mitaani kwetu, IST, Probox, Premio na Allion za 1.5, Fielder, Runx, ila kanuni ni ile ile kwenye gari yoyote ya EFI, yaani ya mafuta yanayopulizwa kwa umeme, tofauti ni namba na sensa imefichwa wapi.

Kontroli boksi inataka kujua nini

Injini ya petroli kila silinda inafanya kazi nne, inavuta, inabana, inalipuka inasukuma, alafu inatoa moshi. Hizo kazi nne zinakula mizunguko miwili ya krenki, yaani digrii 720, na ndani ya hiyo mizunguko miwili kemu inazunguka mara moja tu. Shika hapo, maana karibu kila kitu ninachosema chini kinatoka kwenye hiyo mbili kwa moja.

Sasa kontroli boksi iko kwenye kona yake huko, haioni pistoni, ni kama mpiga ngoma aliyekaa nyuma ya pazia anayetakiwa kupiga kila mguu wa mchezaji unapotua. Anahitaji mtu wa kumwambia. Na spidi yenyewe sio ya mchezo, injini ikiwa 3000 RPM, yaani mizunguko 3000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kwa sekunde moja, mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na plagi nne kwa ujumla zinapiga mara 100 kwa sekunde. Digrii 10 za krenki hapo ni kama nusu tu ya milisekunde. Moto ukipigwa mapema injini inagonga, ukichelewa gari inakuwa nzito na inakula mafuta na joto lote linakimbilia kwenye egzosi.

Zamani kazi hii ilikuwa ya distribyuta, kile kifaa kilichokuwa kinagawa moto kwa kila plagi. Toyota nyingi za miaka ya 90 zenye distribyuta sensa zilikuwa humo humo ndani, na ukifungua mchoro wa waya utakuta herufi NE na G, NE ndo taarifa ya mzunguko wa krenki, G ni taarifa ya kemu. Hizo herufi Toyota waliendelea nazo hata distribyuta ilipoondoka, kwa hiyo ukiona NE+ na NE- kwenye mchoro wa 1NZ ujue unaongelea sensa ya krenki, na G2 ni ya kemu.

Sensa ya krenki, hii ndo yenyewe

Kwenye 1NZ iko chini upande wa mkanda, karibu na puli ya krenki, imefungwa kwa bolt ya spana namba 10. Gari nyingi za Ulaya wameiweka upande wa gia boksi ikiangalia flaiwili, kwa hiyo hizo zikitoka kubadilishwa klachi alafu zikakataa kuwaka, usianze kutafuta mbali, anza na waya wa hiyo sensa au meno yaliyogongwa wakati gia boksi linarudishwa.

Mbele ya sensa kuna ringi la chuma lenye meno. La Toyota hii limegawanywa kwa meno 36 ila mawili hayapo, yamebaki 34, kila jino ni digrii 10 na pale palipo wazi ndo alama. Bosch wao wanapenda 60 kutoa 2, meno 58, digrii 6 kila moja. Ndani ya sensa ya waya mbili kuna sumaku na waya mwembamba umezungushwa mara nyingi sana, jino likipita mbele ya sumaku linaamsha umeme mdogo, likiondoka umeme unageuka upande wa pili, kwa hiyo kontroli boksi inapokea mawimbi, inayahesabu, na ikifika kwenye lile pengo inajua aha, hapa nimefika digrii kadhaa kabla pistoni ya kwanza na ya nne hazijafika juu. Kutoka hapo inahesabu meno tu.

Kumbuka hii sensa ya sumaku inatengeneza umeme wake yenyewe, haipewi umeme na mtu. Maana yake ni kwamba injini ikizunguka taratibu umeme unakuwa mdogo. Betri ikichoka na stata ikivuta polepole, wimbi linakuwa dogo mpaka kontroli boksi haliamini, alafu unaambiwa sensa mbovu. Chaji betri kwanza ndo uanze kulaumu vitu vingine, nasisitiza hili.

Kuna aina ya pili yenye waya tatu, inaitwa ya Hall, hii inapewa umeme na kontroli boksi, ina waya wa umeme, waya wa ethi (hasi) na waya wa taarifa, na yenyewe haitoi wimbi, inawasha na kuzima, juu chini juu chini. Nissan za QG kama zile Sunny B15 zinatumia za waya tatu. Usije ukachukua ile namna ya kupima sensa ya waya mbili ukaipeleka kwenye ya waya tatu, majibu yatakudanganya.

Kitu ambacho watu wengi hawajui, na ndo kinachoua pampu za watu bila kosa, ni kwamba kwenye hizi EFI za Toyota kontroli boksi haiendeshi pampu ya mafuta mpaka ione NE. Ni usalama, gari ikigongwa injini ikasimama pampu nayo inasimama, mafuta hayaendelei kumwagika. Kwa hiyo sensa ya krenki ikikata, pampu inakaa kimya, nozo za kupuliza mafuta hazifunguki, plagi hazipigi, vyote kwa pamoja. Fundi akisikiliza tanki akakuta kimya anasema pampu imekufa, na pampu ni nzima kabisa inasubiri amri.

Kingine, zile kodi za P0300, P0301, P0302, za silinda kumisi, zinatoka kwenye sensa hii hii. Silinda ikilipuka vizuri krenki inapata msukumo inaongeza spidi kidogo, isipolipuka inapungua, kontroli boksi linaona jino limechelewa, linajua silinda ya ngapi imemisi. Kwa hiyo ukiwa na ringi lenye jino lililopinda au uchafu wa chuma umegandia kwenye sumaku unaweza kupata kodi za kumisi wakati plagi na koili ni nzima.

Sensa ya kemu

Krenki pekee haitoshi, kwa sababu ya ile mbili kwa moja. Pistoni ya kwanza na ya nne zinafika juu pamoja, moja ikiwa inabana tayari kulipuka na nyingine inamalizia kutoa moshi, ringi la krenki haliwezi kukwambia ipi ni ipi. Kemu inaweza, maana inazunguka mara moja kwa mzunguko wote wa kazi nne. Kwenye 1NZ sensa yake iko kwenye silinda hedi upande wa gia boksi, na kemu ya intake ina meno matatu tu yaliyopangwa, kontroli boksi likilinganisha yale matatu na lile pengo la krenki linajua silinda ya kwanza iko wapi na linaanza kumwaga mafuta kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Kazi yake ya pili ni VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu. Kemu ya intake inasogezwa na oili mbele na nyuma kutegemea mzigo wa gari, na sensa hii ndo inayorudisha jibu imesogea kiasi gani. Ndo maana oili chafu au kidogo inaleta kodi P0011 au P0012, na watu wanakimbilia sensa wakati kinachotakiwa ni kumwaga oili na kusafisha ule mchujo mdogo wa valvu ya oili ya VVT.

Ikifa, gari nyingi bado zitawaka ila utazungusha stata muda mrefu, kontroli boksi linajaribu kubahatisha, alafu gari inakuwa nzito kidogo na taa ya cheki injini inawaka. Zingine hazitawaka kabisa. Kodi yake ni P0340 au P0341.

Na kuna kodi nyingine hapa naomba uiheshimu sana, P0016. Hii inasema krenki na kemu hazikubaliani, kila sensa inaongea vizuri ila majibu hayalingani. Hiyo mara nyingi sio sensa. Ni cheni imelegea, au imeruka jino, au ringi la VVT limekwama, au kuna mtu alifunga taimingi vibaya. Kubadilisha sensa kwenye P0016 bila kuangalia cheni ni kutupa hela, na mbaya zaidi unaendelea kuendesha na cheni ambayo siku ikiruka meno mengi valvu zinaweza kukutana na pistoni.

Sensa ya throtoli

Hii haihesabu meno, inapima pembe, ile sahani ya throtoli imefunguka kiasi gani. Za zamani zenye kebo ya aksileta ni kinzani tu kinachotelezeshwa, kinapewa volti 5 upande mmoja na ethi upande wa pili, na waya wa katikati unarudisha volti kulingana na pembe. Throtoli ikiwa imefungwa utapata kama nusu volti hivi, ukikanyaga mpaka mwisho inafika volti 4 na kitu. Toyota nyingi za zamani zina waya wa nne unaitwa IDL, huo ni swichi tu ya kusema mguu umetoka.

Kontroli boksi linatumia hii kwa mengi, likiona volti inapanda ghafla linaongeza mafuta haraka ili gari isishtuke, gari ya otomatiki inatumia hiyo kujua ibadilishe gia saa ngapi, na ukitoa mguu gari ikiwa kwenye gia na RPM iko juu linakata nozo kabisa, hakuna hata tone. Hapa niseme neno kwa wale wanaoshuka mlima Kitonga wakiwa wametoa gia wakidhani wanaokoa mafuta. Ukitoa gia kontroli boksi inabidi limwage mafuta ili injini isizime, ukiiacha gia ndani mguu ukiwa nje ya aksileta linakata yote, na injini inakusaidia kushika gari ili breki zisichemke. Acha gia ndani.

Pia gari nyingi za EFI ukikanyaga aksileta mpaka chini huku unapiga stata, kontroli boksi linakata mafuta kwa makusudi ili kukausha injini iliyolowa. Ni kitu kizuri kukijua siku plagi zimelowa. Ila kwa upande wa pili, sensa ya throtoli ikiwa inadanganya kwamba iko wazi kabisa, gari inaweza kukataa kuwaka na hamna mtu atakayeiwazia.

Za kisasa hazina kebo. Kwenye pedeli kuna sensa mbili ndani ya kitu kimoja, kwenye throtoli kuna mota na sensa mbili nyingine, na kontroli boksi linalinganisha. Zikitofautiana unapata P2135 kwa throtoli au P2138 kwa pedeli, gari inaingia kwenye hali ya kujilinda, throtoli inarudishwa na springi kwenye uwazi mdogo tu na gari inatembea kama mgonjwa. Inaudhi lakini imewekwa hivyo ili gari isije ikajikanyagia resi yenyewe. Hizi usizirekebishe kwa kufungua fungua, aidha soketi au unabadilisha kitu kizima.

Sasa tupime, gari haiwaki

Washa swichi, usipige stata. Taa ya cheki injini inawaka? Isipowaka kabisa, kontroli boksi lenyewe halina umeme, nenda kwenye fyuzi na relei ya EFI, sahau sensa kwanza. Angalia pia taa ya ufunguo, ikiwa inapepesa baada ya kuwasha swichi inawezekana gari haijautambua ufunguo na haitawaka hata ufanyeje.

Piga stata huku unaangalia mshale wa RPM. Gari nyingi mshale unainuka kidogo, unatetemeka hapo chini. Ukilala sifuri bila kutikisika hiyo ni ishara kwamba taarifa ya krenki haifiki. Sio ushahidi kamili, kuna gari mshale wake hauinuki mpaka iwake, ndo maana kama una kimashine cha OBD, kile kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, fungua data za moja kwa moja usome RPM wakati wa stata, inatakiwa kuonyesha kama 200 hivi. Ikionyesha 0 huku injini inazunguka, umeshapata njia. Ila ujue gari za soko la Japan za zamani kidogo, vimashine vya bei rahisi vinaweza kukataa kuongea nazo hata kama plagi ya OBD inaingia, hapo tafuta fundi mwenye mashine inayoijua Toyota ya Japan.

Alafu angalia moto na mafuta kwa pamoja. Kama vyote viwili havipo, krenki iko juu kabisa kwenye orodha ya washukiwa. Kama moto upo na mafuta hayapo, au kinyume chake, krenki mara nyingi haina kosa, maana ikikata inakata vyote. Hii sentensi moja ingewaokoa watu pampu nyingi sana.

Kodi ikiwa P0335, soma vizuri kinachosemwa, kodi inasema "saketi ya sensa ya krenki". Saketi. Ndani yake kuna sensa, soketi, waya mbili, kava la waya la kuzuia kelele, na kontroli boksi lenyewe. Kwa hiyo fuata njia hii.

Zima gari, chomoa soketi ya sensa, iangalie kwa macho yako na tochi. Oili humo ndani? Kijani cha kutu? Pini imerudi nyuma? Klipu imevunjika soketi inachezacheza? Hapa kwenye soketi ndo kesi nyingi zinaishia. Safisha kwa dawa ya kontakti, acha ikauke, rudisha, jaribu.

Sensa ya waya mbili, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, gusa pini mbili za sensa. Toyota nyingi za aina hii utapata kitu kati ya omu 800 na 2500 kutegemea sensa na joto, na kitabu cha gari yako ndo chenye namba kamili. Ukipata sifuri imeshoti, ukipata OL, yaani mita haioni njia ya umeme, imekatika ndani. Alafu gusa pini moja na bodi ya sensa au injini, hapo lazima iwe OL, ikionyesha namba yoyote sensa inavujisha umeme kwenye bodi.

Omu peke yake haitoshi, kuna sensa inasoma vizuri na wimbi halitoki. Kwa hiyo badilisha mita iende volti za AC, mtu apige stata, unatakiwa uone nusu volti hivi au zaidi. Ukipata kidogo sana wakati betri ina nguvu, ichomoe sensa utazame ncha. Utakuta unga wa chuma umejaa kama ndevu, ufute kwa kitambaa, maana unaziba sumaku isione meno. Ukikuta ncha imekwaruzwa, ringi linaigusa, na hapo kuna kitu kimelegea ndani, usifunge mpya kabla hujajua ni nini.

Ya waya tatu usipime omu. Washa swichi, soketi ikiwa imechomolewa, pima upande wa waya wa gari: waya wa umeme unatoa volti 5 au 12 kutegemea gari, waya wa ethi ukipimwa na betri chanya unasoma volti za betri, na waya wa taarifa mara nyingi utakuta na volti 5 zinazosubiri. Rudisha soketi, choma pini nyembamba nyuma ya waya wa taarifa, mtu azungushe injini polepole kwa spana kwenye bolt ya puli, volti iwe inaruka kati ya juu na chini. Isiporuka na umeme na ethi vipo, sensa imekufa.

Ile inayozima ikichemka

Hii ndo inasumbua kuliko zote. Asubuhi gari safi, unaingia foleni ya Ubungo au Thika Road jua la saa nane, ghafla inazima kama umezima swichi, unasukuma pembeni, baada ya nusu saa inawaka kama hamna kilichotokea. Fundi akija ameshakuta imepoa, hapati kitu. Mara nyingi ule waya mwembamba ndani ya sensa umekatika kimstari, ukipata joto unatanuka unaachana, ukipoa unagusana tena.

Kuikamata, chomoa sensa uweke mezani, funga mita kwenye omu, ipashe kwa drai ya nywele ya saluni taratibu. Omu kupanda kidogo na joto ni kawaida. Ikiruka ghafla kwenda OL umemkamata. Kama gari imekuzimia njiani na una maji, mwagia kidogo kwenye sensa yenyewe tu, sio kwenye injini nzima wala egzosi, ikiwaka papo hapo hiyo ni ishara kubwa kwamba ni sensa. Ila angalia usije ukapeleka mkono karibu na mkanda au feni, feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe.

Sensa ikipita mtihani wa joto, rudi kwenye waya. Gari ikiwa inawaka imesimama, tikisa waya kutoka kwenye sensa kwenda juu, kipande kwa kipande, ikikohoa au ikizima mahali ulipotikisa, fungua hapo. Pima pia kutoka soketi ya sensa mpaka soketi ya kontroli boksi, chini ya omu 1 kila waya, na waya mbili zisigusane. Ukiunganisha waya, NE+ na NE- zisibadilishane, zikigeuzwa wimbi linapinduka na kontroli boksi linaweza kusoma jino mahali pasipo sahihi, gari inawaka vibaya au haiwaki. Na lile kava la waya lenye nyuzi za kuzuia kelele lirudishe, usilikate ukatupa, bila hilo kelele za altaneta na koili zinaingia kwenye taarifa.

Kupima ya throtoli

Ya kebo ni rahisi, swichi imewashwa injini imezimwa, mita kwenye volti za DC, waya mweusi wa mita kwenye E2, ethi ya sensa, nyekundu kwenye VTA, waya wa taarifa. Fungua throtoli kwa mkono taratibu kabisa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Volti ipande laini. Ikiruka, ikidondoka sifuri katikati alafu ikarudi, pale ndo pamelika, na mara nyingi ni pale chini chini ambapo mguu unakaa kila siku, ndo maana gari inashtuka ukianza kuondoka. Mita ya mshale inaonyesha hii vizuri kuliko ya namba.

Ukiona P0122 volti iko chini sana, P0123 iko juu sana, kabla ya kununua chomoa soketi upime kama volti 5 zinafika na ethi ipo. Ethi ikikatika sensa inasoma juu muda wote.

Ya umeme isukumwe kwa mkono swichi ikiwa imezimwa tu, ukisukuma swichi imewashwa unapigana na mota na meno ya plastiki ya ndani yanaweza kuvunjika. Ukiisafisha kwa kabureta klina puliza kwenye kitambaa ufute. Baada ya hapo gari inaweza kuwa na resi ya juu ikisimama, toa fyuzi ya EFI dakika kadhaa, rudisha, acha iwake bila kukanyaga mpaka ipate joto ijifunze upya.

Ukishajua ni sensa kweli

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, soma namba iliyochapwa juu yake, usiagize kwa jina la gari, kwa sababu gari moja jina lile lile miaka tofauti inaweza kuwa na sensa tofauti. Za Toyota nyingi ni Denso, na Denso feki zimejaa, Kariakoo kama ilivyo Kirinyaga Road. Mimi kati ya mpya ya bei ya kutupa na iliyotoka kwenye injini ya mtumba kutoka Japan nachukua ya mtumba, ila naipima omu na joto pale pale kaunta kabla hela haijatoka. Muuzaji akikataa usipime, hamia duka la pili.

Kuifunga, safisha shimo, paka oili kidogo kwenye oringi, isukume kwa mkono mpaka ikae, usiigonge na nyundo wala usivute kwa bolt, ncha inavunjika. Bolt ile ni ndogo, kaza kawaida tu. Waya upite kwenye klipu zake zote mbali na egzosi na mkanda, klipu iliyopotea weka taiti ya plastiki. Futa kodi, washa, iache ifike joto la kawaida mpaka feni iwake na kuzima, alafu itembeze. Gari zingine, zile za GM kwa mfano, zinataka kufundishwa upya na mashine baada ya kubadilisha sensa ya krenki au zitaendelea kuonyesha kumisi, ila hizi Toyota zetu hazidai hivyo. Kodi ikirudi ile ile na sensa umeipima ni nzima na waya umepima mpaka mwisho, omba fundi mwenye oskiloskopu akuonyeshe wimbi lenyewe, kwa macho utaliona jino lililopinda au pengo linalokuja mahali pasipo pake, na hapo ndo inafunguliwa kava ya mbele kuangalia ringi na cheni.